Melkisedeki na Mtoto wa Benchi

Kipalapala, Tabora
17 Septemba 2024

Kwa kaka yangu Xavery,

Shikamoo kaka. Hujambo wewe, na wifi na watoto hawajambo? Kifua chako kimetulia, au vumbi la matofali bado linakukohoza alfajiri? Huku sisi tu wazima, kila mmoja kwa kadiri ya umri wake. Mama anakwenda kisimani na kurudi bila kutumia fimbo, ingawa fimbo yenyewe anaibeba ili watu wampishe njia. Mektilda amekonda kidogo kama wanavyokonda mabibi harusi wote, na yule mbuzi mwenye pembe moja uliyetuletea Pasaka amezaa mapacha.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yangu hupokei. Ujumbe ninaokutumia unaonyesha umesomwa, kisha kimya. Sikulaumu. Ningeambiwa mimi maneno yale mbele za watu, labda simu ningeitupa kwenye bani la tumbaku ikakauke pamoja na majani. Barua hii anakuletea Majidi, fundi cherehani, mtoto wa Bi Kuluthumu wa Gongoni, anayekuja Urambo kuuza nguo siku ya soko. Nimemwambia asibanduke hapo mpaka akuone umeifungua. Unamjua Majidi anavyolichukua neno kwa uzito, kwa hiyo ifungue mapema akauze nguo zake.

Unanijua pia mimi na shajara yangu, mnayoicheka tangu nilipokuwa kidato cha kwanza. Nimeiweka hapa mezani, nami nitakusimulia kwa mpangilio. Nakuomba uusome mpangilio huo kama ulivyo, usiruke kwenda mwisho, kwa maana la mwisho ndilo kubwa na halitaeleweka bila ya mwanzo.

Nianze na Jumapili ile uliyoondoka, tarehe 25 Agosti. Wewe ulisikia mpaka pale Baba Mdogo Ambrosi aliposema kwamba mtoto wa benchi, aliyeokotwa stesheni, hawezi kushika bakuli la wazee. Ukachukua kofia yako, tukasikia pikipiki. Usichokisikia ni kwamba Mektilda alisimama. Alisema babu yake kabla ya kufa alitamka, na sote tulikuwa tumekizunguka kitanda, kwamba siku ya harusi yake atakayempaka maji na unga ni mjomba Xavery. Akasema akipakwa na mtu mwingine, ataufuta unga huo kwa shela akifika kwenye kona ya kwanza ya barabara. Baba Mdogo akamwambia akae chini, mwali haongei kikaoni. Mektilda akamjibu kwamba yeye hajaongea, ametoa taarifa. Watu walicheka sana, ila yeye hakucheka, na mimi niliyemzaa nilijua kwamba hatanii.

Nakumbuka Baba alivyonipaka mimi. Lile bakuli la mti, maji ya kisimani, unga mweupe wa mtama, kidole gumba juu ya paji la uso, na majina ya waliotangulia akiyataja polepole kama anayewaita watu waliolala. Kwetu binti hatoki nyumbani kabla ya hapo, hata kama padre ameshavaa kanzu na kengele imelia. Baba yake Mektilda alifariki mtoto akiwa hajaanza shule, akakulia mikononi mwa Baba, na sasa Baba naye hayupo. Ndiyo maana jambo hili likawa lako.

Nimtendee haki Baba Mdogo. Siku ile ile jioni alinifuata jikoni, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akaniambia kwamba wewe hakuchukii. Alisema mlipokuwa wadogo ni yeye aliyekufundisha kurina asali, na ulipoumwa na nyuki alikubeba mgongoni kutoka porini mpaka nyumbani huku na yeye anaumwa. Lakini baraka, alisema, inatoka mkono hadi mkono, kuanzia kwa wale wazee waliobeba pembe kwenda pwani na kurudi, na kila mkono unajulikana ni wa nani. Ukiingia mkono usiojulikana ulikotoka, hajui unabeba nini. Anamkumbuka binamu yetu aliyepakwa na mtu asiyestahili akazika watoto wawili. Aliniambia anampenda Mektilda kupita kiasi cha kujaribu bahati. Nilimwangalia nikaona kweli anaogopa, na mtu anayeogopa ni vigumu kumkasirikia.

Sasa akafanya kosa ambalo ni Mkatoliki wa siku nyingi tu anayeweza kulifanya. Alikwenda seminarini hapa juu kumwita Padre Wilbroad, yule anayewafundisha mafrateri Maandiko, aje kutuamulia. Baba Mdogo alikuwa na hakika na ushindi. Alikuwa amekariri habari zote za ukoo wa Lawi na wana wa Haruni, jinsi Mungu mwenyewe alivyoweka ukuhani uende kwa damu, na asiyekuwa wa ukoo akisogea madhabahuni anakufa. Alitaka tu padre aitikie.

Padre alikuja Jumapili ya tarehe 8. Bi Kuluthumu alikuwepo, amekuja kumsuka Mama, na alipoambiwa ni kikao cha ukoo alisema yeye ndiye aliyekufunga nepi ya kwanza siku ulipofika nyumba hii, kwa hiyo wakitaka aondoke wamrudishie nepi yake. Akabaki.

Padre alimsikiliza Baba Mdogo mpaka mwisho, akakubali kwamba yote ya Lawi ni kweli yameandikwa. Kisha akauliza kama tunamkumbuka Melkisedeki. Niliandika alivyoeleza, nami nakupa kwa ufupi. Abrahamu anatoka vitani amechoka. Anatokea mtu, mfalme wa Salemu na kuhani wa Mungu Aliye Juu, na Lawi mwenyewe hajazaliwa bado, wala baba yake Lawi. Analeta mkate na divai, anambariki Abrahamu, Abrahamu anampa fungu la kumi. Basi. Mistari mitatu, kisha hatokei tena. Hatuambiwi alitoka wapi wala alikwenda wapi. Baadaye zaburi moja inamtaja mara moja tu, ikimwambia mfalme kwamba atakuwa kuhani wa milele kwa mfano wa huyo. Ndivyo hata yeye Padre Wilbroad alivyoambiwa siku aliyopewa upadre, na hakuna aliyemuuliza kama ni Mlawi.

Akasema watu wa kale hawakuweza kuliacha pengo lile. Walimu wa Kiyahudi walisema haiwezekani mtu asiye na ukoo ambariki babu yetu, kwa hiyo huyu lazima ni Shemu, mtoto wa Nuhu, ambaye kwa hesabu ya miaka alikuwa bado hai. Wakaongeza kwamba alilitaja jina la Abrahamu kabla ya jina la Mungu, akanyang'anywa ukuhani, ukaenda kwa uzao wa Abrahamu, na mambo yakakaa sawa. Wengine, walioficha maandishi yao katika mapango karibu na Bahari ya Chumvi, walimpandisha mbinguni wakamfanya hakimu atakayekuja siku za mwisho kuwafungua wafungwa. Kuna waliosimulia kwamba alizaliwa na mama ambaye tayari amekufa, kisha malaika akamchukua akamficha gharika isimpate. Na Wakristo wa kwanza, katika waraka kwa Waebrania, wao hawakulijaza pengo, walilishika lilivyo. Walisema hana baba, hana mama, hana ukoo, na kwa hilo hasa anafanana na Mwana wa Mungu.

Hapo Bi Kuluthumu akashindwa kuvumilia. Alisema kwao Nabii Isa ana mama na hana baba, na hilo wanaliamini kwa moyo wote, lakini mtu asiye na hata mama, hapo tumezidisha. Baba Mdogo akamuuliza, na Adamu je? Akajibiwa kwamba Adamu aliumbwa pasipo na mtu, lakini huyo wetu alikuwa mfalme wa mji, na mji una wambea. Watu wa Salemu walimjua mama yake, wakajua na jungu lake lilikuwa linaungua siku gani. Aliyekuja kuandika ndiye hakuuliza. Padre alicheka mpaka akavua miwani, akasema hivyo ndivyo wasomi wengi wanavyoeleza siku hizi, ila hawakutaja jungu.

Bi Kuluthumu hakuishia hapo. Akamgeukia Baba Mdogo, akamwambia kwamba babu yake yeye aliletwa na msafara kutoka ng'ambo ya ziwa, akaugua hapa Kwihara, msafara ukaenda pwani bila yeye, akabaki akaoa. Tabora hii, alisema, tukianza kuulizana nani aliletwa na nani, hatutabaki na mtu wa kumsalimia asubuhi.

Nilidhani Baba Mdogo ameshindwa. Kumbe alikuwa anafikiri. Alisema amemwelewa padre vizuri sana. Hata Wayahudi wenyewe, wenye hekima yote ile, walimtafutia yule mtu ukoo, na walipompa ukoo kila mtu akalala usingizi. Basi na sisi tumtafutie Xavery. Marehemu Konsolatha, dada yao yeye na Baba, aliondoka kwenda Mpanda akafia huko, hakuna anayejua vizuri maisha yake. Tuseme Xavery ni mtoto wa Konsolatha, aliyeletwa na msamaria mpaka stesheni ya Urambo. Umri unakubaliana. Aliyeko hai wa kupinga hayupo. Atashika bakuli akiwa mtoto wa dada, na hakuna tena wa kutamka neno benchi.

Kaka, nakwambia kweli, kikao kizima kilishusha pumzi. Hata mimi. Niliona ni ukarimu wa namna yake. Mzee huyu, asiyeweza kuuondoa woga wake, ametafuta mlango wa kukuingizia. Padre alisema tu kwamba yeye hawezi kubariki jambo asilojua kama ni kweli, akaomba tulifikirie wiki nzima. Usiku huo niliandika kwamba nitakupigia nikushawishi ukubali. Mama alikuwa anaokota mawe kwenye mchele, na aliendelea kuokota hata mchele ulipokwisha kuwa safi.

Wiki ile alikula kidogo. Juzi Jumapili, baada ya misa, tulikaa barazani tukimenya karanga za kwenye mchicha, akaniambia kwamba hataweza. Nikamuuliza hataweza nini. Akasema miaka yote hii amevumilia mtoto wake asiwe na mama mwingine, lakini hawezi kuvumilia apewe mama wa uongo wakati wa kweli alikuwepo. Akaniagiza nimwite Baba Mdogo, na nimpigie simu Bi Kuluthumu aje. Walipofika alisema haya ninayokuandikia, na ameniruhusu nikuandikie kwa sababu anaogopa kufa kabla hujarudi. Amesema pia kwamba atayarudia kwa mdomo wake, mbele yako, ukikubali kukaa naye.

Hukuachwa kwenye benchi.

Mwaka ule wa 1974 Mama alikuwa anatoka Kaliua kwa dada yake, baada ya kuzika mtoto wa tatu. Wote watatu walikuwa wamekufa kabla ya kutambaa. Ndani ya treni alikaa na mwanamke aliyetoka upande wa Kigoma, amebeba mtoto wa miezi michache, huku mwenyewe anakohoa damu ndani ya khanga. Urambo yule mwanamke hakuweza kuendelea, akashuka, na Mama akashuka naye kwa sababu mtoto alikuwa tayari mikononi mwake. Walikaa kwenye benchi la stesheni mchana wote wakisubiri gari la zahanati. Najua unatarajia niseme walikula mkate. Walikula matobolwa, viazi vikavu vya Mama, na yule mwanamke ndiye aliyekuwa anammegea Mama, kwa sababu Mama alikuwa analia hawezi kula. Alipoelezwa habari za wale watoto watatu, aliweka mkono wake juu ya tumbo la Mama, akaomba dua kwa Kiarabu, akapuliza. Mama anasema mkono ulikuwa wa moto kwa homa, na kwamba mpaka leo anajua ulikaa wapi.

Yule mwanamke alifariki zahanatini siku ya pili. Baba alifika kutoka Tabora, yeye na watu wa stesheni wakamzika, wakamtafuta mwalimu wa madrasa amswalie. Kabla ya kufa alikuwa amemwomba Mama akupeleke kwa ndugu zake Ujiji. Mama hakukupeleka. Baba alitaka kupeleka habari, Mama akampigia magoti asifanye hivyo, akisema akimzika na huyu wa nne atamfuata kaburini. Watu walipouliza, alisema umekutwa kwenye benchi, kwa sababu mtoto aliyetupwa hakuna atakayekuja kumdai. Na Baba, katekista, mtu ambaye hakuwahi kutuambia hata uongo wa kutubembeleza tule, alinyamaza. Alisema kunyamaza si kusema uongo. Nadhani maisha yake yote hakuwa na hakika nalo. Sasa naelewa kwa nini kila ilipofika habari ya Melkisedeki katika mafundisho yake alikuwa anapunguza sauti.

Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, nikaishi. Mama anasema hana shaka hata kidogo ni kwa sababu ya nini. Baba naye hakuwa na shaka, ndiyo maana alikutaja wewe pale kitandani. Alimwambia Mama kwamba baraka iliyofungua nyumba hii ilitoka nje ya nyumba, kwa mkono wa watu wa Xavery, na mkono huo ndio uliobaki wa kumpaka mjukuu wake.

Basi ndivyo ilivyo kaka. Bi Kuluthumu alikuwa na haki. Melkisedeki alikuwa na mama, ila aliyeandika hakumtaja. Kwako wewe aliyenyamaza ni Mama yetu, na alinyamaza kwa woga, ule ule woga wa Baba Mdogo, wa kumzika mtoto. Sikuombi umsamehe kwa barua. Nakuomba uje umtazame usoni kwanza, kisha uamue.

Aliitwa Tunu. Mama anajua hilo na Ujiji, basi. Kaburi liko huko huko Urambo, ng'ambo ya reli, chini ya mijohoro, upande ambako mabani yanaanzia. Nadhani umeshapita pale na toroli lako la matofali zaidi ya mara moja. Mama anataka akuonyeshe mahali mwenyewe magoti yakingali yanamruhusu. Majidi amesema yeye na mama yake watakuja kusoma dua siku utakayotaka, na kwamba Ujiji ana rafiki muuza dagaa anayeweza kuanza kuulizia.

Bado hujaniuliza Baba Mdogo alisemaje. Aliyavunjavunja maganda ya karanga yote yaliyokuwa mbele yake. Kisha akamuuliza Mama, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, kwa nini hakumwambia tangu zamani, na Mama akamjibu kwamba angemwambia Tabora nzima. Akakubali kwamba ni kweli. Jana asubuhi nilimkuta anafua kofia yake ya harusini. Ameniagiza nikuandikie kwamba atakaa mlangoni kushika bakuli, na wewe utapaka. Kwamba uje na shati la mikono mirefu, hataki mtu wa kupaka baraka anayefanana na fundi gereji. Na kwamba neno lile la benchi anakuomba ulirudishe kwake, likae naye.

Nikamuuliza, na majina ya waliotangulia, Xavery atataja yepi, naye hana msururu kama wenu. Akafikiri kidogo, akasema aanze na Tunu. Jina moja linatosha kuanzia.

Harusi ni Jumamosi tarehe 5 Oktoba, misa saa nne, kwa hiyo maji na unga ni alfajiri. Mektilda anakusalimu shikamoo mjomba, na anasema usipofika ataondoka paji likiwa kavu, wala hatapakwa na mtu mwingine. Hatanii. Mtama nimeshausaga mwenyewe kwa mkono, sikuupeleka mashine, na bakuli nimelishusha juu ya kabati nikalipaka mafuta lisipasuke.

Wasalimie wifi na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Mama anasema hana la kuandika, ila ameshika karatasi hii kwa muda kabla sijaikunja.

Mimi mdogo wako, niliyezaliwa baada yako na kwa ajili yako,
Gaudensia